Mtoto hajageuka na mimba ina wiki 36

Mjamzito akitoka kliniki na kadi imeandikwa "makalio", akifika nyumbani anakuta washauri wameshajaa. Mama mkwe anataka aitwe bibi wa kukanda. Wifi amesikia kwamba kupiga deki kwa magoti humgeuza mtoto. Jirani anasema huyo ni wa kisu, jiandae tu. Wote wanahangaika na atageukaje. Kinachonihangaisha mimi ni siku chupa ya maji ya uzazi itakapopasuka: mama atakuwa wapi, na kutoka hapo hadi kwenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi ni dakika ngapi? Mwanza jibu la swali hilo linategemea mawe, ziwa na saa ya usiku. Ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na kadi. Kuna maneno mawili pale ambayo watu huyachanganya: mlalo na kitangulizi. Mlalo ni jinsi mgongo wa mtoto ulivyolala ukilinganisha na wa mama: wima, mshazari, au amekingama. Kitangulizi ni kile kilicho karibu na mlango wa kizazi: kichwa, makalio, mguu au bega. Mtoto aliyetanguliza makalio yuko wima, ila kichwa kimekaa chini ya mbavu za mama. Aliyekingama kichwa kiko ubavu mmoja na makalio ubavu wa pili, na mlangoni hakuna kichwa wala makalio. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa. Wa makalio kuna mazingira anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Aliyekingama akabaki hivyo hapiti, hata kama mama ameshazaa wanane bila tatizo. Kwa hiyo ukiambiwa "mtoto amekaa vibaya", usiondoke na neno hilo peke yake. Uliza pale pale: vibaya vipi?

Kwa nini wiki ya 36 na si mapema? Katika wiki ya 28, kati ya mimba 100, watoto 20 hadi 25 wametanguliza makalio. Mimba ikikomaa wanabaki 3 au 4. Mwezi wa saba maji ni mengi, nafasi ipo, mtoto anapinduka asubuhi na jioni, kwa hiyo "hajageuka" ya mwezi wa saba isikunyime usingizi. Baada ya wiki ya 36 nafasi imebana. Kwa mimba ya kwanza, wanaojigeuza wenyewe baada ya hapo ni kama 8 kati ya 100. Mama aliyezaa mara nyingi ana misuli ya tumbo iliyolegea, na kwake mtoto anaweza kugeuka hata siku za mwisho, kwa heri au kwa shari: leo kichwa, kesho kutwa amekingama. Huyo ndiye wa kuangaliwa kila wiki.

Hakikisha tu kwamba hizo wiki 36 ni 36 kweli. Wengi hawakumbuki siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na utrasaundi iliyopigwa mwezi wa nane au wa tisa inaweza kukosea umri wa mimba kwa wiki mbili au tatu. Ile iliyopigwa kabla ya wiki ya 24 ndiyo ya kuaminika, itunze ndani ya kadi. Upasuaji uliopangwa kwa hesabu ya kubahatisha unaweza kumtoa mtoto ambaye mapafu yake hayajawa tayari.

Mikono ya nesi tumboni

Kipimo cha kwanza cha mkao wa mtoto si mashine, ni mikono. Mama anakojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa humdanganya hata mzoefu. Analala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, magoti yamekunjwa ili ngozi ya tumbo ilegee. Nesi anaweka viganja viwili juu kabisa ya tumbo, chini ya mbavu, anatafuta: kuna nini hapa? Kichwa ni kigumu, cha mviringo, na ukikigusa upande mmoja kinayumba peke yake na kurudi, kwa sababu kina shingo. Makalio ni mapana, laini kidogo, na ukiyasukuma mwili mzima unafuata. Kisha mikono inashuka pembeni: upande mmoja kuna ubao mrefu laini, huo ni mgongo, upande wa pili kuna vigongogongo vinavyokimbia kidole, hiyo ni mikono na miguu. Mwisho anashika juu ya kinena kuona kilichotangulia. Halafu anasikiliza mapigo ya moyo. Mtoto wa kichwa chini husikika vizuri chini ya kitovu cha mama. Wa makalio mara nyingi husikika usawa wa kitovu au juu yake.

Wewe mwenyewe unaweza kuhisi dalili. Una mpira mgumu chini ya ubavu unaokuuma ukiinama kufunga kiatu, na mateke yanapiga chini, kwenye kibofu: huenda ni makalio. Tumbo limepanuka kwenda pembeni, na juu limeshuka kuliko wiki ya mimba inavyodai: huenda amekingama. Pale kwenye kitovu tumbo limebonyea, mikono na miguu unaisikia mbele, na mgongo unakuuma chini karibu na mkia: kichwa kiko chini, sawa, lakini kisogo kimegeukia mgongo wako. Huyu wa tatu si wa kutisha. Wengi wao hujizungusha wenyewe wakati wa uchungu. Ila uchungu unaweza kuwa mrefu, na maumivu yakakaa mgongoni kuliko tumboni. Kinachosaidia siku hiyo ni kupiga magoti ukiegemea kitanda, kutembea, na mtu wa kukukandamiza kwa nguvu chini ya mgongo kila uchungu unapokuja.

Mikono ikitia shaka, utrasaundi inathibitisha. Na ukiipiga, omba ikujibu mambo matano badala ya moja: kilichotangulia ni nini na miguu ya mtoto imekaaje, kondo la nyuma limejishikiza wapi, maji yanatosha, uzito unakadiriwa kilo ngapi, na kichwa kimekunjwa kifuani au kimeinuliwa kama mtu anayetazama nyota. Jibu la "matako, mapigo yapo" halitoshi kupangia kitu.

Miguu ina maana kubwa. Wengi wa makalio wamenyoosha miguu juu hadi usoni, na makalio yao yanaziba mlango vizuri. Wengine wamechuchumaa. Wachache mguu ndio uko chini. Huyo wa mguu ndiye anayewapa wakunga joto, kwa sababu mguu hauzibi mlango, na chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kuteleza pembeni na kutangulia. Kwa aliyenyoosha miguu hilo hutokea kwa chini ya 1 kati ya 100. Kwa wa mguu chini ni kama 15 hadi 18 kati ya 100.

Na sababu? Mara nyingi haionekani. Inapoonekana huwa ni kondo la nyuma lililokaa chini, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi mno au machache mno, mapacha, umbo la kizazi lenye ukuta katikati, au mimba ambayo haijakomaa. Hakuna hata moja linalotokana na mama kulala vibaya, kupanda bodaboda, kula sana au kugombana na mtu. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaobebeshwa lawama hiyo wakiwa na tumbo la mwezi wa tisa.

Kuishi naye wiki hizo

Kichwa chini ya mbavu kinachosha. Kinabana kifua, chakula kinapanda, na usingizi unakatika. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita, na usilale ndani ya saa mbili baada ya kula. Kaa kwenye kiti kigumu ukikigeukia, kifua kimeegemea mgongo wa kiti. Mbavu zinapata nafasi papo hapo. Usiku lala kwa ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine, au kanga iliyokunjwa, chini ya tumbo. Mateke ya kwenye kibofu hayana dawa zaidi ya kukojoa mara kwa mara. Usijibane, na usipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa choo cha nje.

Kwa mama wa mimba nyingi ambaye tumbo linaning'inia mbele, kanga inafanya kazi nzuri. Ikunje kwa urefu mpaka ibaki na upana wa shubiri moja. Egemea mito, nusu umelala. Ipitishe nyuma kiunoni, ilete mbele chini kabisa ya tumbo juu ya kinena, inua tumbo kwa mkono kama unayebeba bakuli, kisha funga fundo pembeni, lisikae katikati ya mgongo. Vidole viwili vipite bila kulazimisha. Ukihisi ganzi mapajani, fungua. Ukienda kulala, fungua. Kazi yake ni kubeba uzito na kupunguza maumivu ya kiuno. Usiikaze juu ya tumbo ukidhani utamsukuma mtoto chini.

Sasa mazoezi ya kugeuza. Linaloulizwa sana ni la magoti na kifua. Kojoa, na iwe angalau saa mbili tangu ule. Tandika mkeka na blanketi juu yake. Piga magoti, yaachane kwa upana wa nyonga, mapaja yasimame wima, kisha shusha kifua hadi chini, shavu moja kwenye mto, makalio yabaki juu. Kaa dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, ukipumua taratibu. Wazo ni kwamba makalio ya mtoto yatoke kwenye nyonga ili apate nafasi ya kupinduka. Ukweli wake ni huu: tafiti zilizolinganisha wanaofanya na wasiofanya hazijaonyesha kwamba linageuza watoto wengi zaidi kuliko kusubiri. Halina madhara kwa mama mwenye afya, na wengi wanasema linawapunguzia mbanano wa mbavu, kwa hiyo ukitaka kulifanya fanya. Usilifanye kama una presha ya juu, unatokwa damu, kondo la nyuma liko chini, au unasikia kizunguzungu. Kupiga deki kwa magoti ni ndugu yake: kunapumzisha mgongo, hakujathibitishwa kugeuza mtu.

Kuogelea pia hupendekezwa, na hapa nasimama. Mashauri hayo yaliandikwa kwa watu wenye mabwawa yenye dawa. Maji ya pembeni ya ziwa letu, hasa palipo na majani na konokono, yana kichocho, na kichocho humwongezea mjamzito upungufu wa damu katika miezi ambayo anaihitaji kila tone. Kama ulikuwa unaingia ziwani kuteka maji au kuosha dagaa, mwambie daktari. Dawa ya kichocho inaruhusiwa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Kukanda

Hili nalisema kwa heshima kwa bibi zetu, maana wengi waliokoa watu kijijini wakati hapakuwa na mwingine. Kukanda tumbo la mwezi wa tisa ili mtoto ageuke kunaua. Bibi hajui kondo liko wapi. Akisukuma mahali lilipojishikiza, linaweza kubanduka ndani. Damu inajaa nyuma yake, tumbo linakuwa gumu kama ubao, na mtoto anakosa hewa huku nje ikionekana damu kidogo au isionekane kabisa. Kama mama aliwahi kufanyiwa upasuaji, kovu linaweza kufunguka. Kamba inaweza kujikaza shingoni na hakuna anayesikiliza moyo kujua. Mafuta ya joto na kupapasa mgongo na miguu, sawa, ni raha kubwa. Tumbo, hapana.

Na dawa za miti shamba za kuongeza uchungu ni mbaya zaidi kuliko mikono. Mtoto aliyekingama akikutana na dawa ya kukaza kizazi, hana pa kupita. Kizazi kinakaza mpaka kinachanika. Ukifika hospitali na umeshakunywa, sema. Hakuna mkunga mwenye akili atakayekuacha kwa sababu umesema ukweli, na ukinyamaza anaweza kukuongezea dawa nyingine ya uchungu juu yake.

Kugeuza kwa mikono kupo hospitalini, na kwa nje kunafanana. Tofauti iko katika kinachozunguka ile mikono. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na 37 kwa waliokwisha kuzaa. Kwanza utrasaundi, kisha mapigo ya moyo ya mtoto yanafuatwa kwa muda. Mama anakojoa, analala mgongo umeinamia upande kidogo, anapewa sindano ya kulegeza kizazi. Moyo wake mwenyewe utakwenda mbio na mikono itatetemeka kwa dakika chache. Ni dawa, inapita. Daktari anayainua makalio kutoka kwenye nyonga, mkono wa pili uko kwenye kichwa, anamzungusha kama mtu anayepiga samasoti. Ni dakika chache tu, na kila jaribio likiisha moyo unasikilizwa tena. Inabana, kwa wengine inauma. Ukisema basi, anaacha. Kwa jumla karibu nusu wanageuka: kama 4 kati ya 10 kwa mimba ya kwanza, 6 kati ya 10 kwa waliozaa. Kama 1 kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka pale pale, ndiyo maana kugeuza huku hakufanywi mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Mwenye kundi hasi la damu hupewa sindano ya kinga baadaye. Hakufanyiki kwa mapacha, kondo lililo chini, chupa iliyopasuka, au aliyetokwa damu siku za karibuni. Si kila hospitali ina daktari aliyezoea kazi hii, kwa hiyo uliza mapema, wiki ya 35 au 36, ili kama ni rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza upate muda wa kwenda.

Umbali

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto wa makalio na aliyekingama wanahitaji mahali pa kujifungulia palipo na upasuaji. Zahanati haina. Tangu 2017 vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, na hilo limetusaidia sana, lakini jengo peke yake halifanyi upasuaji. Nenda ukaulize kwa mdomo wako, na baba aulize pia: Usiku na Jumapili kuna mtu wa kupasua? Mtaalamu wa usingizi analala hapa au anapigiwa simu? Damu ya kundi langu ipo? Umeme ukikatika jenereta inawaka? Jibu moja likiwa "inategemea", panga pengine.

Kisha pima njia usiku, usiipime mchana. Anayeishi juu ya mawe ya Igogo, Mabatini au Isamilo anajua kwamba bajaji haifiki mlangoni. Kuna ngazi za mawe na vichochoro vya kushuka kwanza. Mwezi wa tisa na mtoto wa mguu chini, kama una ndugu anayekaa karibu na barabara ya lami, hamia kwake kuanzia wiki ya 37. Mwenye bajaji au teksi awe amekubali kupokea simu saa nane usiku, na awe na mwenzake wa akiba. Bodaboda haifai: chupa ikishapasuka unatakiwa kulala, si kukaa.

Upande wa Sengerema mambo yamelainika tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani mgonjwa alisubiri kivuko akiwa na uchungu. Ila visiwani ziwa halijabadilika. Meli ya Nansio, kule Ukerewe, ina ratiba yake, kivuko cha Rugezi na Kisorya kina yake, na aliye Ukara, Irugwa au Kome ana maji mengine ya kuvuka kabla hata hajaanza safari yenyewe. Upepo ukiamka, mtumbwi wa injini si gari la wagonjwa. Kwa hiyo mama wa kisiwani mwenye mtoto aliyekingama au wa mguu asingojee uchungu. Wiki ya 37 awe ameshavuka, akae kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama hospitali husika inayo. Najua maana yake: nani atabaki na watoto, nani ataangalia dagaa, hela ya kula mjini itatoka wapi. Ndiyo maana kikao cha familia kifanyike wiki ya 36, siku ile ile kadi ilipoandikwa. Na andika mlangoni namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, 115, hata kama umepanga usafiri wako.

Andaa na damu. Kanda ya Ziwa malaria, kichocho na minyoo vinaimaliza. Meza vidonge vya damu kila siku, mbali na chai ya rangi kwa saa moja au mbili maana chai huzuia madini yake kuingia mwilini, na upime wingi wa damu tena wiki ya 36. Ndugu wawili wenye afya wawe wamekubali kuchangia.

Chupa ikipasuka

Kama mtoto hajatanguliza kichwa, usioge, usipike, usisubiri uchungu. Lala kwa ubavu wa kushoto, nyonga zimeinuliwa juu ya kanga au mto uliokunjwa, na safari ianze. Ndani ya bajaji au mtumbwi mkao ni huo huo. Jichunguze: ukiona au ukihisi kamba laini ya mviringo, yenye utelezi, labda inapigapiga, hiyo ni kamba ya kitovu. Usiivute, usiifunge, usiishikeshike. Ifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Ukiwa bado nyumbani, piga magoti na kifua chini kama kwenye lile zoezi, ili uzito wa mtoto usiikandamize, mpaka chombo kifike. Aliye nawe apige simu hospitali aseme maneno haya: "kamba ya kitovu imetangulia, tunakuja." Hapo dakika ndizo zinazoamua. Mkono wa mtoto ukitokea, usirudishwe wala kuvutwa, safari iendelee.

Na makalio yakianza kutoka mkiwa njiani? Simamisheni chombo. Mama asogee ukingoni au apige magoti na mikono. Anayemsaidia asivute. Hili ndilo kosa linaloua: ukivuta, mikono ya mtoto inapanda juu ya kichwa, kidevu kinainuka, na kichwa kinakwama. Mwili utoke kwa nguvu ya mama peke yake. Msaidizi aushike nyonga kwa kitambaa kikavu bila kubana tumbo la mtoto, mgongo wa mtoto uelekee upande wa tumbo la mama. Simu ya mkunga iwe sikioni muda wote.

Kuna dalili nyingine za kuondoka hata kama chupa ni nzima: damu, tumbo gumu lisilolegea, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Ukiwa na shaka juu ya kucheza, lala kwa kushoto uhesabu; mateke 10 yasipofika ndani ya saa mbili, nenda.

Upasuaji wa kupangwa kwa mtoto wa makalio kwa kawaida huwekwa wiki ya 39. Siku hiyo omba wakupapase tena au wapige utrasaundi kabla ya kuingia, kwa sababu wapo wanaogeuka usiku wa mwisho. Kama daktari anakubali ujifungue kwa kawaida, masharti huwa ni haya: mtoto wa uzito wa kati, kama kilo 2.5 hadi 3.8, miguu imenyooka au amechuchumaa, kichwa kimekunjwa, uchungu unaendelea vizuri wenyewe, na mkunga aliyezoea yuko chumbani na chumba cha upasuaji kiko tayari mlango wa pili. Likikosekana moja, chagua kisu bila aibu. Kwa wengi ni sindano ya mgongo, hulali, unamsikia mtoto akilia.

Mtoto aliyekuwa amenyoosha miguu anaweza kuendelea kuiinua kuelekea usoni kwa siku kadhaa. Usiinyooshe kwa kumfunga kanga ya kukaba kama mkate kwenye karatasi. Mwache aikunje mwenyewe, na omba akaguliwe viungo vya nyonga kabla ya kutoka na tena akifika wiki sita, hasa akiwa wa kike, kwa sababu waliokaa makalio huwa na nyonga zinazoteguka zaidi. Mbeleko yetu ya mgongoni, magoti yamekunjwa na mapaja yamepanuka kama chura, ni mkao mzuri kwa nyonga hizo akishapata nguvu ya shingo. Na kama ulipasuliwa, usitoke wodini bila kadi kuandikwa sababu ya upasuaji na jinsi kizazi kilivyochanwa, ya kulala au ya wima. Ya wima, ambayo hutumika wakati mwingine kwa mtoto aliyekingama, haitakuruhusu kujaribu njia ya kawaida mimba ijayo, na daktari wa wakati huo hataweza kuijua kwa kutazama kovu la nje.